Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mipango, Halmashauri ya Fife: kuta za kale zisipigwe saruji

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi mwashi. Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo Mji Mkongwe, Unguja. Sasa riziki yangu iko hapa Fife, Scotland. Nakuandikia kwa sababu ya nyumba ya mchungaji ya Anstruther Easter, hapa pwani ya Fife, aliyoijenga mchungaji James Melville mwaka 1590.

Nimesimama mbele yake mara nyingi. Kinachonishika ni mnara wa ngazi, uliobebwa na mawe yaliyochomozwa ukutani safu juu ya safu. Kule juu, penye dirisha, fundi amechonga maneno yenye maana ya "Mnara wa Ulinzi". Miaka 2 kabla ya ujenzi huo, Melville alipokea Wahispania walioponea chupuchupu baada ya meli yao kuvunjika kisiwani Fair Isle. Walikuwa maadui, lakini watu wa Anstruther waliwalisha mboga, uji na samaki. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejenga hapo.

Mheshimiwa, mawe ya Fife ni mawe ya mchanga. Yanakunywa mvua, kisha yanaitoa polepole, na chokaa huipisha. Saruji haipishi. Maji yakinaswa nyuma yake, baridi ikashika, yanaganda, yanavimba, na uso wa jiwe unabanduka.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya kale, ambayo sitaitaja. Niligonga lipu ya saruji kwa nyundo, ikalia mvungu. Likadondoka bamba zima. Jiwe la nyuma lilikuwa bichi; nikaliparuza kwa ukucha, likamomonyoka kama mchanga wa pwani. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinyamaza kimya. Alikuwa amelipa pesa nyingi kwa lipu ile, akiamini inalinda ukuta.

Kwetu mawe ni ya matumbawe, ila somo ni lilelile.

Kwa hiyo naomba: kila kibali cha matengenezo ya nyumba hiyo, na ya kuta zote za mawe za zamani katika vijiji vya pwani hii, kitaje chokaa waziwazi, kwenye viungo na kwenye lipu, tena kabla fundi hajapanda jukwaa. Nyumba za wavuvi zisizo na jina nazo zihesabiwe.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, niite. Nitakuja na ndoo ya chokaa na mwiko wangu.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi, Fife