Maji ya Victoria yamefika Tabora, ila mabwawa yetu tusiyatupe

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya maji huku kwetu Tabora. Kwanza shukrani, maji ya Ziwa Victoria tumeyapata, yanatoka kule Ihelele yanapitia Solwa mpaka Nzega, Igunga na hapa mjini, na aliyewahi kukesha kwenye foleni ya ndoo anajua hilo sio jambo dogo. Ila kuna maneno nayasikia sana mtaani saivi na yananiumiza, eti mabwawa yetu ya Igombe na Kazima kazi yake imeisha, bwawa la nini tena.

Jamani hapana. Maji ya Victoria yanasafiri zaidi ya kilomita 200 ndani ya bomba na yanasukumwa na umeme, bomba likipasuka huko njiani au umeme ukizingua sisi wa mwisho ndio tunaumia. Bwawa liko hapa hapa, na linajazwa na mvua yetu wenyewe, tusipoikinga inashuka zake na mto Igombe mpaka Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika.

Kijijini kwetu huko Uyui kuna lambo wazee walilichimba kwa ajili ya ng'ombe. Zamani mtu mzima akiingia katikati anazama kabisa. Saivi nenda mwezi wa 9 uone, maji yanafika magotini, ukikanyaga tu mguu unadidimia kwenye tope laini jeusi, kingo zote zimegeuzwa bustani za nyanya na mchicha, matuta yanaelekea majini moja kwa moja na katikati ya kila tuta na tuta kuna kamfereji ambako mvua ilipita na udongo. Lile tope ni shamba la mtu limehamia lamboni, na mbolea yake. Na lambo likijaa tope hasara sio kina peke yake, maji yaliyobaki yanatandaa kama uji kwenye sinia, jua la huku linayanyonya upesi, halafu watu wanasema mvua haitoshi kumbe mwaka huo ilinyesha vizuri tu.

Huko juu nako miyombo inaisha, mkaa unachomwa na magogo yanaingia kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, msimu hadi msimu. Msitu ukiwepo majani yaliyooza chini yanaipunguza mvua kasi, inazama ardhini taratibu na visima vinapata, ukiondoka maji yanakuja yote kwa mkupuo yamebeba udongo. Najua tumbaku ndio ada za watoto wetu, sisemi iachwe, nasema mabani yanayokula kuni kidogo yapo na mkulima asaidiwe kuyajenga, na miti anayopanda ifuatiliwe mpaka iwe miti kweli.

Sheria tunayo, ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Wenye bustani siwalaumu, kiangazi chetu ni kirefu na watu lazima wale, ila serikali za vijiji zikae nao, wapimiwe maeneo nje ya hizo mita 60, mipaka iwekwe na nyasi ziachwe zikamate udongo. Kuwafyekea mazao siku moja halafu mkaondoka hakusaidii, kesho wanarudi.

Alafu kuna hili la mapaa, kwakweli linanishangaza. Chukua jengo la shule la mita 30 kwa 8, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo mwaka wa milimita 800 hilo paa moja linapokea lita 192,000, hata nyingine zikipotea bado ni maji mengi mno, na yanaishia kuchimba msingi wa darasa huku watoto wanaambiwa waje na vidumu kutoka nyumbani.

Ombi langu kwa madiwani wetu, mkikaa kwenye bajeti ijayo wekeni fungu la kuondoa tope kwenye malambo, kazi ifanyike kabla ya mvua za mwezi wa 11, na kila darasa jipya lisipokelewe kama halina gata na tenki.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora