Laini tumesajili, matapeli wapo vilevile

Ndugu Mhariri,

Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Oda zangu huja kwa WhatsApp: nawapiga picha dagaa wakiwa bado kwenye chanja, mteja wa Dar es Salaam anaangalia rangi, anataja idadi ya magunia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa. Nilibaki na magunia sita na simu inayozungusha kiduara.

Tukiuliza, tunajibiwa usalama. Haya. Lakini laini zetu za simu zilishasajiliwa kwa alama za vidole, tukiambiwa ni ili matapeli wanaswe. Mama yangu, vidole vyake vimelika kwa jembe, alirudishwa mara tatu mashine ikimkataa. Na juzi tu nimepokea tena ule ujumbe wa kitapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Aliyeutuma yeye aliweka kidole cha nani?

Wakati huohuo, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN, programu ya kuficha njia yako mtandaoni na kufungua kilichofungwa, wajitambulishe, na Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Kwa hiyo wa kufuatiliwa ni mimi ninayesoma habari, si yule anayetaka kuniibia.

Naomba wahusika watutajie ni matapeli wangapi wamenaswa kwa vile vidole vyetu. Na wakitaka kuzima intaneti tena, watangaze mapema, wataje kifungu cha sheria na saa ya kuwasha. Hata TANESCO wa umeme hutangaza matengenezo.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma