Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Faini za Kutupa Taka na Namna ya Kuzipinga

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama, michango ya misiba na ratiba ya madarasa ya watoto mtazikuta katika taarifa za mweka hazina na katibu. Taarifa yangu ya mwaka huu nimeitenga kwa jambo moja: barua za faini za kutupa taka ovyo zinazowafikia wanachama wetu hapa England. Wapo wanaolipa siku hiyohiyo kwa hofu, na wapo wanaoitia barua kwenye droo. Wote hupata hasara, na wa droo ndio huumia zaidi.

Barua hiyo si hukumu. Halmashauri inakuambia kwamba inaamini umetenda kosa, na inakupa siku 14 za kulipa ili jambo liishie hapo bila mahakama. Msiichanganye na faini ya maegesho, kwani hii ya taka haina baraza huru la rufaa. Ukiipinga, unaiandikia halmashauri ukiomba iifute. Ikikataa nawe usilipe, inaweza kukushtaki katika mahakama ya mahakimu, na huko halmashauri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka.

Tazameni kwanza kifungu kilichoandikwa kwenye barua, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 ina makosa mawili yanayotukuta zaidi. Kifungu cha 33 ni cha aliyetupa taka au aliyesababisha zitupwe kwa kujua, na tangu tarehe 31 Julai 2023 faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Kifungu cha 34(2A) ni cha mwenye nyumba aliyekabidhi taka zake kwa mtu bila kuhakikisha kwamba anaruhusiwa kuzichukua. Hiyo hufika pauni 600.

Chukueni mfano wa maboksi. Kontena la mizigo ya Dar au Mombasa limeshafungwa, maboksi yamebaki, mtu anayaacha kando ya mapipa ya urejelezaji yaliyojaa. Kuacha kando ya pipa ni kutupa, hata kama nia ilikuwa njema. Afisa anakuta lebo yenye jina na anwani, barua inatoka. Sasa, lebo inaonyesha boksi lilikuwa la nani. Haionyeshi nani aliliweka pale. Kwa kifungu cha 33 pengo hilo ni kubwa, nanyi mna haki ya kulitaja.

Lakini angalieni jibu lenu. Mwanachama akiandika, “Si mimi, nilimpa jamaa mwenye gari la mizigo pauni 30 akatupe,” amejitetea kwa kosa la kwanza na kukiri la pili kwa mkono wake. Utetezi wa kosa la pili ni kuonyesha hatua ulizochukua kabla ya taka kuondoka nyumbani: namba ya usajili ya mchukuzi (za wachukuzi wa daraja la juu, yaani wanaobeba taka za watu wengine, huanza na CBDU), ambayo unaikagua bure mtandaoni kwenye daftari la Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England, jina lake, namba ya gari na risiti inayoeleza alichochukua. Ujumbe wa simu mliopatana bei usifutwe. Bila hayo, kusema ukweli mtupu hakutoshi, na inaniuma kuliandika hili kwa sababu wengi wanaobanwa hapa hawakutupa chochote.

Barua ikifika, iandikieni halmashauri ndani ya zile siku 14, kwa baruapepe, mkitaja namba ya kumbukumbu. Ombeni picha zote, mahali penyewe hasa, tarehe na saa, maelezo ya afisa, na video kama ipo. Ombeni pia muda wa kulipa usimame hadi wajibu. Hawalazimiki kukubali, hivyo msiuchukulie kama umesimama mpaka waseme kwa maandishi. Ambatanisheni kinachowatetea: tarehe mliyohama kwenye ile anwani, mkataba wa nyumba, ratiba ya zamu kazini. Majina yetu hufanana sana, kwa hiyo kosa la kumwandikia Hassan asiye yeye si jambo la ajabu. Kama kweli uliacha taka pale, ushauri wangu ni kulipa mapema. Halmashauri nyingi hupunguza kiasi kwa anayewahi.

Mkiitwa kwenye mahojiano ya onyo, yaani yale ambayo mnaonywa kwanza kwamba maneno yenu yanaweza kuwa ushahidi, fahamuni kwamba kwa kawaida ni ya hiari, mna haki ya mwanasheria, na mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kunyamaza ni haki, ila jambo mtakalolitegemea mahakamani baadaye, kama hamkulitaja mlipoulizwa, linaweza kuwageukia. Kwa hiyo pateni ushauri kabla ya kuingia chumbani.

Msidanganyane pia kwamba miezi sita ikipita kesi imekufa. Ukomo huo ni wa uchafu mdogo wa kifungu cha 87. Vifungu vya 33 na 34 havimo.

Kuhusu uraia, ambao ndio hofu kubwa, faini ya namna hii iliyolipwa si hatia ya jinai. Ukipuuza mwito wa mahakama na ukatiwa hatiani, hiyo ni hatia, na lazima itajwe kwenye maombi. Someni swali la fomu neno kwa neno, na mkisitasita mwulizeni mwanasheria wa uhamiaji.

Wanachama wenye magari ya mizigo wana lao. Kifungu cha 33(5) kinamhesabu mwenye mamlaka juu ya matumizi ya gari kuwa ndiye aliyesababisha taka zitupwe kutoka humo, hata kama hakuagiza. Ukimwazima ndugu gari, andika nani kalichukua na lini. Ukibeba taka za watu kwa malipo lazima usajiliwe, na hati za makabidhiano ya taka za biashara zitunzwe miaka miwili.

Kochi kuukuu kuliweka nje kwa karatasi ya “chukua bure” nako ni kutupa likikaa kwenye njia ya watu, na mifuko ya nguo mlangoni mwa duka la hisani lililofungwa ni hivyohivyo.

Kamati imeandaa barua ya mfano ya kuomba ushahidi, kwa Kiingereza na tafsiri yake. Katibu atawapa nakala kwenye mkutano mkuu. Atakayepokea faini kabla ya hapo amletee katibu barua nzima pamoja na bahasha yake, maana tarehe iliyopigwa juu yake inaweza kuhitajika.