YAH: MALALAMIKO KUHUSU BREKI ZA LAND CRUISER YANGU NA KUDHALILISHWA KAUNTA KWENU

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usimkabidhi msimamizi wako wa huduma, maana yeye ndiye sehemu kubwa ya malalamiko haya. Namba ya kazi mnayo, gari mnalijua, na masharti ya dhamana mmeyabandika wenyewe ukutani pale mapokezi. Sitayarudia.

Niliwalipa shilingi 4,200,000 mniboreshee breki za Land Cruiser 80. Sikuja kubadilishiwa pedi tu. Pedi nabadilishiwa hapa hapa Iringa. Nilikuja Dar es Salaam kwenu kwa sababu gari lile limenyanyuliwa inchi 2, lina tairi kubwa, keria ya chuma na tanki la ziada la dizeli, na kazi yake ni kubeba wageni wa Hifadhi ya Ruaha na kushuka nao mteremko wa Kitonga. Likiwa tupu linazidi tani 2. Likipakiwa, breki lililotoka nazo kiwandani zinahema. Tukakubaliana kwa maandishi: diski mpya za mbele, pedi za Land Cruiser 100 Series, ambazo kila fundi wa Cruiser anajua zinaingia kwenye kalipa za 80, yaani vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, na zinashika eneo kubwa zaidi, hosi zilizosukwa kwa chuma badala ya zile za mpira, mafuta mapya ya breki ya DOT 4, na kurekebisha ile valvu ya nyuma inayosoma mzigo, LSPV. Hili la LSPV nililitaja mimi. Gari likinyanyuliwa, fito ya ile valvu inakaa kama gari halijabeba kitu, basi valvu inazinyima breki za nyuma presha na kazi yote inaangukia mbele. Fundi wenu aliitikia, akaandika, nikaona kwa macho yangu akiandika.

Sasa sikiliza nilichopewa.

Hosi mlifunga, hilo siwezi kuwanyima. Diski ambazo ankara yenu inaziita mpya ni zangu zilezile, zimechongwa na kupigwa rangi ya fedha. Sina ugomvi na kuchonga diski ambayo bado ina nyama. Lakini diski za gari hili zikiwa mpya zina unene wa milimita 32, na zikifika 30 zinatakiwa zitupwe. Fundi aliyetufuata kutoka Mikumi baada ya breki kutushinda Kitonga alipoweka kipimo, upande wa kulia ulisoma 28.6. Akarudia kupima mara nyingine akidhani kakosea. Kisha akaingia chini ya gari, akanionyesha skrubu ya kutolea hewa ya LSPV: imefunikwa na tope kavu la zamani, tope jekundu la njia ya Ruaha, halijaguswa na spana ya mtu yeyote. Alipoikwangua na kuifungua yakatoka mafuta meusi yenye mapovu. Yaani mlitoa hewa kwenye magurudumu manne, mkaacha sehemu ya tano, mkaandika kwamba kazi imekamilika.

Na mimi nilikuwa nimeshawapigia simu! Siku ileile nilipochukua gari, kabla hata sijafika Morogoro, pedeli ilikuwa laini. Nikikanyaga mara moja inazama, nikipampu inapanda. Nikasimama Chalinze nikapiga. Nikaambiwa, "Pedi mpya hizo mama, zinajizoesha." Pedi kujizoesha nakujua: unapunguza mwendo kutoka kama kilomita 60 kwa saa mara kadhaa, unaziacha zipoe katikati. Pedi zisizozoea zinashika kidogo, lakini hazifanyi pedeli izame na kupanda kwa kupampu. Hiyo ni hewa. Mtu wa gereji anayepokea simu ya namna hiyo anatakiwa aniambie nigeuze gari palepale.

Ndipo, kwenye safari ya wageni iliyofuata, tukashuka Kitonga. Nilikuwa naendesha mwenyewe, nyuma kuna wageni wanne, wawili kati yao ni wazee. Niko gia ya pili, sikuwa na haraka, mbele yangu kuna lori la mizigo linatambaa. Kwanza ikaja harufu ya pedi. Kisha pedeli ikalala sakafuni. Nikapampu, hakuna kitu. Kwa hendibreki na gia ya kwanza na Mungu, nililiegemeza gari upande wa mlima. Yule bibi wa nyuma alikuwa anaomba kwa sauti. Mnajua kwa nini ilitokea, tena mnajua kuliko mimi: diski ndiyo inayobeba joto, na ukiipunguza chuma inawaka mapema, joto linahamia kwenye kalipa na mafuta. DOT 4 iliyo safi inatakiwa kuvumilia nyuzi 230 kabla haijachemka. Iliyonyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Ikishachemka ni mvuke, na mvuke unabanwa, basi pedeli inazama bila kusukuma breki. Ongeza hewa mliyoiacha kwenye LSPV, ongeza breki za nyuma zisizofanya kazi yake.

Hata hivyo, Ndugu Meneja, ningeweza kuyasamehe yote hayo kama makosa ya fundi. Lile la kaunta siwezi.

Nilifika kwenu na bredauni, nimebeba ile diski kwa mikono yangu, mdogo wangu wa kiume amenisindikiza. Nikaiweka kaunta. Msimamizi wako hakuiangalia. Akamuuliza mdogo wangu, "Mwenye gari yuko wapi?" Nikajibu mwenye gari ni mimi, jina langu liko kwenye kadi ya gari na kwenye ankara. Akaendelea kuongea na mdogo wangu: "Mwambie mama apumzike pale kwenye kiti, tumalize mambo ya gari." Nikasema naomba apime diski. Akasema, mbele ya wateja wenzangu, "Mama, breki ni mguu. Wewe mguu wako mzito." Watu wakacheka.

Nimeendesha njia ya Ruaha tangu marehemu mume wangu yuko hai. Nimevuka korongo za Tungamalenga mvua ikinyesha.

Na suala la risiti. Mlinipa risiti ya mkono. Niliomba ya EFD, ile mashine ya kodi, nikaambiwa mtandao uko chini, nitatumiwa. Mpaka leo sijatumiwa. Wakati huo sikulitilia maanani, sasa nalitilia.

Narudi kaunta, maana nataka uelewe vizuri. Niliweka diski, na pembeni yake nikaweka ile risiti na karatasi ya vipimo aliyoniandikia fundi wa Mikumi. Msimamizi wako alikuwa na kikombe cha chai. Akakitua juu ya risiti yangu. Si kwa bahati mbaya: nilikisogeza, akakirudisha palepale. Karatasi ikabaki na alama ya duara la chai juu ya tarakimu za pesa yangu, nimeihifadhi hivyohivyo. "Mwenye gari yuko wapi?" Mimi niko mbele yake, mikono imejaa kutu na vumbi la breki, ananipita kwa macho kama sipo. "Mwambie mama apumzike." Mdogo wangu alitaka kujibu, nikamshika mkono. Kisha lile la mguu mzito, na kicheko. Kipimo cha unene kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma yake, hatua mbili tu. Hakukishika. Angekishika, angenyamaza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mrudie kazi kwa gharama zenu, kama dhamana yenu inavyosema. Sitaki tena. Sitaki fundi wenu yeyote aliguse gari langu. Nataka yafuatayo: mnirudishie 4,200,000 yote, hosi njooni mzifungue mkitaka, mlipe bredauni kutoka Kitonga hadi Dar es Salaam, shilingi 950,000, risiti ninayo, tena ya EFD, mlipe fedha niliyowarudishia wale wageni baada ya safari kuvunjika. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yako, si ya msimamizi, ibandikwe pale mapokezi kando ya masharti ya dhamana, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipotukanwa.

Nilifikiria kuwapa siku 14. Nawapa siku 7 za kazi tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, faili linakwenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kuniuzia diski zangu mwenyewe kwa bei ya mpya. TRA, watu wa kodi, watapata nakala ya risiti ya mkono, wao watajua cha kufanya na mashine yenu isiyo na mtandao. Kikosi cha Usalama Barabarani nitawapelekea diski yenyewe na kipimo, waulize ni magari mangapi mengine mmeyapiga rangi ya fedha mkayaruhusu kwenda Kitonga, Sekenke na Lushoto. Wakili wangu anaandaa madai ya kuhatarisha maisha, na hayo hayatakuwa ya milioni nne.

Diski haijatoka mikononi mwangu. Msitume mtu kuja kuichukua. Akija mtu, aje na hundi na ile barua.

Wako,

Mteja wenu na MWENYE GARI,
Land Cruiser 80 ya kijani,
Iringa.

Nakala: Wakili wangu.