Ukurasa wa mashairi umpe nafasi Mir Anis

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika safu hii kwamba mashairi ya maombolezo yanayoletwa kila ikiingia Muharram yanakula ukurasa bure, kwa sababu kulia hakuhitaji ufundi. Simjui na sina ugomvi naye. Ila nimesomesha Kiswahili hapa Tanga mpaka nikastaafu, tenzi nimezifundisha na nyingine nimezitunga, na neno hilo siwezi kulinyamazia. Nitamjibu kwa mtu mmoja tu, tena si wa kwetu: Mir Babar Ali wa Lucknow, kaskazini ya India, ambaye jina lake la utunzi ni Anis.

Alizaliwa Faizabad mwanzoni mwa karne ya 19, akafia Lucknow Desemba 1874. Ushairi aliukuta nyumbani. Baba yake, Khaliq, alikuwa bingwa wa marsia, yaani mashairi ya maombolezo, babu yake Mir Hasan alitunga hadithi ndefu za mapenzi ambazo wasomaji wa Kiurdu, lugha aliyotungia Anis pia, wanazisoma hadi leo, na mwenyewe ana mstari anaojisifu kuwa ni kizazi cha tano katika kumsifu Huseni. Ujanani alitunga ghazali, mashairi mafupi ya mapenzi, kama vijana wenzake. Wanasimulia kwamba alipokwisha kusifiwa sana katika baraza moja ya washairi, baba yake alimwita akamwambia: hiyo ghazali sasa iage, nguvu zako zipeleke kwenye jambo litakalokufaa duniani na akhera. Akatii. Mimi ningenuna mwezi mzima.

Jambo lenyewe ni marsia, utungo wa msiba wa Karbala, pale Imamu Huseni, mjukuu wa Mtume, alipouawa pamoja na watu wake mwezi 10 Muharram mwaka 61 wa Hijria, ndiyo mwaka 680 kwa hesabu ya miladi. Beti ya marsia ya Anis ina mistari sita. Minne ya mwanzo ina kina kimoja, miwili ya mwisho ina kina chake. Utungo mmoja unaweza kufika beti mia na ushei. Hapo ndipo ninapotaka msomaji mwenzangu atege sikio: katika beti zote hizo, kilio huja mwishoni. Kabla yake kuna dibaji, kuna sifa za shujaa, kuna kuagana na watu wa hemani, kuna kuingia uwanjani, majigambo mbele ya adui, farasi, upanga, vita vyenyewe, kisha kifo. Wanawake huanza kulia baada ya hayo yote. Mtunzi asiyejua kumwelezea farasi hawezi kufika kwenye kilio, wasikilizaji watakuwa wameshasinzia.

Haya sikuyapata chuoni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili, masomo ya jioni, wajukuu wa bibi mmoja wa Kihoja, Waislamu wenye asili ya India, pale mjini. Nyumbani kwao walisema Kikachi, lugha ya asili yao, sokoni Kiswahili cha Tanga kisicho na doa, na Muharram ikifika majlisi zao, vikao vya maombolezo, zilikuwa za Kiurdu. Bibi alikuwa na Anis kichwani. Watoto wakiandika insha, yeye hupembua dengu kwenye sinia huku akisoma, kisha ananigeukia, "Mwalimu, umesikia huyu anasema nini?" Mimi sijui neno. Basi ananieleza mstari kwa mstari, mkono haujaacha dengu.

Aliupenda zaidi utungo unaoanzia alfajiri ya siku ya Ashura, hiyo kumi ya Muharram, jua linapomaliza safari ya usiku. Humo Ali Akbar, kijana wa Imamu, anaadhini, na hiyo ndiyo alfajiri yao ya mwisho. Baada ya sala panakuja suala la bendera: nani ataibeba leo? Auni na Muhammad, watoto wa Bi Zainabu, dada yake Imamu, wanaitamani, kwa kuwa babu zao wote wawili waliwahi kuibeba. Wananong'onezana. Mama yao anawasikia, anawavuta pembeni na kuwagombeza: mna nini ninyi na bendera? Umri wenu mdogo, tamaa yenu cheo kikubwa! Na yule mama anasema kama bibi yeyote wa Lucknow anavyomkanya mtoto mbele ya wageni, kwa sauti ya chini na macho makali. Bendera anapewa Abasi, ndugu yake Imamu. Msikilizaji anajua kwamba kabla jua halijazama watoto hao watakuwa wamekufa, na mama anayewakaripia hatawaona tena. Anis halisemi hilo pale. Anaacha mama agombeze. Nikimwuliza msomaji wenu: huo si ufundi?

Halafu joto. Anis anasema anaogopa kulisimulia joto la siku ile, ulimi usije ukawaka kama mshumaa. Maji yalikuwa moto, na samaki aliyepanda hadi kwenye mshikaki wa wimbi alikuwa tayari ni kababu. Bibi akifika hapo hucheka, kisha macho yanalengwa machozi, maana kando ya mto huohuo wa Furati watoto wa Imamu walikuwa wamenyimwa maji. Kucheka na kulia kwa mstari mmoja! Nilijaribu kuiweka miwili ile katika mizani zetu, nane kwa nane:

Maji yalikuwa moto, ni joto la Kiyamani,
Samaki wa huo mto, wabanikwa mawimbini.

Vina vimekaa, mshikaki umenitoroka. Mwenye kuuweza aulete.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba Anis hakughani. Sisi utenzi tunauimba, na sauti nzuri huficha beti mbovu, tusidanganyane. Wahindi nao wana wanaoimba maombolezo, lakini Anis alipanda mimbari akasoma kwa sauti ya maneno matupu, jicho, na mkono kidogo. Husemwa kwamba alijizoeza mbele ya kioo. Ukisoma hivyo, hakuna lahani ya kukusitiri. Beti ikiwa na shimo, watu wataliona.

Na watu wa Lucknow walikuwa wakali. Alikuwapo mwenzake, Mirza Salamat Ali Dabir, mzaliwa wa Delhi, wa rika moja naye, naye bingwa kwelikweli, ila maneno yake mazito na taswira zake za mbali. Mji ukagawanyika, hawa wa Anis, hawa wa Dabir, kama Tanga yetu ilivyokuwa kwa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, kila upande na mashabiki wake wasiosikia la mtu. Lakini Anis alipofariki, ni Dabir aliyemtungia ubeti wa buriani: mbingu bila mwezi mpevu, mkunazi wa Sidra bila Jibrili, mlima Sinai bila Musa, mimbari bila Anis. Miezi michache baadaye, mwaka 1875, naye akafa. Ugomvi wao ulibaki kwa mashabiki, hata mwaka 1907 Shibli Nomani akatoa kitabu kizima cha kuwapima wawili hao, na mzani wake ukamwelemea Anis. Shibli alikuwa mwanachuoni wa Kisunni. Nalitaja hilo kwa sababu msomaji wenu alidokeza kwamba mambo haya ni ya madhehebu ya watu fulani.

Kuhusu maisha yake mengine nitasema kwa ufupi. Miaka mingi hakutaka kuwasomea watu marsia zake nje ya Lucknow, akidai lugha yake wataielewa watu wa mji ule tu. Kisha mwaka 1856 Waingereza wa Kampuni ya East India wakauteka ufalme wa Awadh, ambao Lucknow ilikuwa mji wake mkuu, mfalme akapelekwa Calcutta, mwaka uliofuata yakaja maasi, na nyumba zilizokuwa zikiwatunza washairi zikafilisika. Anis akalazimika kufunga safari, akazisoma marsia Patna mwaka 1859, na uzeeni Hyderabad mwaka 1871. Huko nako walimwelewa. Amezikwa nyumbani kwake Lucknow. Beti ile ya mistari sita wakaichukua wengine kwa mambo mengine: mshairi aitwaye Hali aliandika kwayo kuinuka na kuanguka kwa Waislamu mwaka 1879, na mshairi Iqbal akamlalamikia Mungu kwayo mwaka 1911.

Sasa nirudi kwetu. Mzee wetu wa Mrima, Hemed Abdallah el-Buhry, alitunga utenzi mrefu wa Seyyidna Huseni bin Ali. Kisa ni kilekile cha Karbala, kwa Kiswahili safi, na sidhani kama katika wasomaji kumi wa ukurasa wenu yupo mmoja aliyewahi kuushika. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye sheria zake za kutunga wengi wetu tumezisomea, alikwenda kusoma Pakistan, nchi ya Kiurdu, miaka ya 1950. Kwa hiyo njia ya kutoka Kiurdu kuja Kiswahili ipo siku nyingi, imeota majani tu. Tasdisa tunayo, mistari sita kama ya Anis, na tunaitumia kwa nadra mno.

Ninachoomba, Mhariri, ni nafasi ya beti sita kila wiki katika mwezi wa Muharram na Safar. Si nyingi. Bibi yangu yule ameshatangulia mbele ya haki, na wajukuu zake wako Toronto, Kiurdu chenyewe wanakisoma kwa herufi za Kizungu. Lakini Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam bado wapo wazee wa majlisi walio na marsia hizi kifuani. Mzee mmoja wa namna hiyo akae na malenga mmoja. Mzee aeleze, malenga apige mizani, kisha mzee asomewe aseme kama ndivyo. Wasikimbilie kwenye kilio. Waanze na alfajiri, wamalize farasi na upanga, watoto wa Bi Zainabu wagombezwe vizuri.

Mimi nipo tayari kuwa malenga wa kwanza, na karatasi ninazo. Mzee wa Tanga atakayekubali aniandikie kupitia ofisi yenu, nitamfuata alipo baada ya alasiri. Na yule msomaji aliyelalamika naye akitaka aje, dengu zipo.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga