Mwenye soriasisi apimwe na ini, si ngozi tu

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenzangu wenye soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani. Kwamba hauambukizi wala si kurogwa, limeshasemwa sana, naliacha.

Langu ni kwamba tunatibiwa ngozi peke yake. Mgonjwa anaingia, anavua shati, anatazamwa, anaandikiwa dawa ya kupaka, anaondoka. Mizani ipo pale mlangoni na hakuna aliyempandisha. Sukari haikupimwa. Ilhali kinga ya mwili iliyochachamaa, ambayo ndiyo huleta mabaka haya, haiishii kwenye ngozi, na wenye soriasisi, hasa iliyoenea, huandamwa zaidi na unene, kisukari, maradhi ya moyo na mafuta kwenye ini. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha azimio kuhusu ugonjwa huu mwaka 2014 uliyataja hayo, ini likiwamo.

Ini ndilo lililonifanya niandike. Kidonge ambacho wengi wetu tunakimudu ni methotreksati. Ni dawa nzuri, sitaki mtu aikimbie. Lakini inaweza kudhuru ini, na ini lenye mafuta tayari, au la mwenye kisukari, au la mnywaji, liko hatarini zaidi. Sasa utampaje mtu bila kumpima ini kwanza, na kurudia vipimo anavyoendelea? Na suala la pombe aambiwe waziwazi. Huku kwetu Kilimanjaro wapo wanaodhani katazo ni la bia ya chupa, mbege haimo. Imo.

Halafu ile bahasha ya dawa. Kwa soriasisi, methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, lakini mkono wa mtoa dawa umezoea kuandika 1x1 au 1x3, yaani kimoja mara moja au mara tatu kwa siku. Aliyepangiwa vidonge sita vya miligramu 2.5 kwa wiki akivimeza kila siku, mdomo hujaa vidonda, uboho hushindwa kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo hata Uingereza na Marekani. Iandikwe kwa Kiswahili na herufi kubwa: VIDONGE SITA, JUMAPILI TU. Foliki, ile vitamini inayotolewa pamoja na methotreksati kupunguza madhara yake, nayo iandikiwe siku yake.

Wapo wanaokwepa usumbufu wote huu kwa kununua prednisoloni, vidonge vya steroidi, dukani. Ngozi hutakata haraka, kweli. Wakiiacha, mabaka hurudi kwa kishindo, na sukari nayo inaweza kuwa imeshapanda.

Najua vipimo vya ini vina gharama na kliniki zetu zina foleni. Kupima uzito na kiuno hakuhitaji maabara. Hilo lingeanza hata kesho. Kuhusu vipimo vya damu, naomba Wizara ya Afya itujibu kupitia ukurasa huu: anayeandikiwa methotreksati anaweza kuhakikishiwa vipimo vya ini pamoja na dawa yenyewe, badala ya kuachiwa ajitafutie mfukoni?

Mgonjwa wa soriasisi,
Moshi