Printa ya USB kwa nyumba nzima: namna tunavyoifunga kwenye seva ya nyumbani

Wateja wengi wa Mji Mkongwe wanaotuuliza bei ya printa ya waifai huwa tayari wana printa nzima ya leza, inayochapa vizuri, ila ina tundu la USB peke yake, kwa hiyo anayetaka kuchapisha tiketi ya boti au fomu ya skuli hana budi kuipeleka kwa flashi hadi ilipo kompyuta. Ushauri wetu kwao ni kwamba wasinunue bado. Printa hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta ndogo inayowaka mchana na usiku, yaani seva ya nyumbani, itaonekana katika simu na kompyuta zote za nyumba kama zinavyoonekana printa zilizotoka kiwandani na waifai yake.

Programu inayofanya kazi hiyo ni CUPS, ambayo ni ya bure, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na imo pia ndani ya kompyuta za Mac. Huipokea kazi ya kuchapisha, huigeuza iwe katika lugha inayofahamiwa na printa, huiweka kwenye foleni, kisha huipeleka kwa waya. Programu nyengine, Avahi, huitangaza printa kwenye mtandao wa nyumba, na kwa tangazo hilo iPhone na simu nyingi za Android za kuanzia toleo la 8 huiona bila ya kuwekewa draiva, yaani programu ya kuiendesha printa. Kompyuta za Windows wakati mwengine huhitaji kuandikiwa anuani ya printa kwa mkono, na kwa sababu hiyo tunaipangia seva anuani isiyobadilika ndani ya ruta. Bila ya hivyo, siku ruta itakapozimwa na kuwashwa seva huweza kupewa anuani nyengine, na watu wakadhani printa imekufa.

Jambo la kuchunguza kabla ya yote ni draiva ya upande wa seva. Wengi huja wakiwa wameshaamua kutumia Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, kwa kuwa ni ndogo na haimalizi umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), lakini prosesa yake ni ya aina ya ARM, na baadhi ya printa za Canon za mfululizo wa LBP draiva yake rasmi ya Linux, mfumo unaoendesha seva kama hizi, ilitengenezewa prosesa za Intel na za jamii hiyo tu. HP LaserJet 1020, ambayo tunaletewa mara kwa mara, ina tabia yake: haihifadhi programu yake ya ndani, hivyo kila inapozimwa na kuwashwa lazima kompyuta iitumie programu hiyo upya. Umeme ukikatika na kurudi, seva ambayo haikupangiwa kulifanya hilo yenyewe itapokea kazi zote kwa adabu, na haitatoka hata karatasi moja.

Umeme huohuo ndio unaotufanya tupendelee kompyuta mpakato kuukuu kuliko Raspberry Pi. Betri yake, hata ikiwa imechoka, huivusha seva katika mkatiko mfupi (iliyovimba ni habari nyengine, hiyo itolewe mara moja), ilhali kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi inaweza kuharibika umeme ukiondoka ghafla wakati inaandikwa. Tena prosesa ya Intel inaondoa ule mkwamo wa draiva. Mwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, aichomekee ruta na seva, na printa ya leza aiache nje, kwa sababu kipasha joto kinachogandisha wino wa unga kwenye karatasi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja.

Baada ya hapo kinachobaki ni usimamizi, na hapa ndipo simu nyingi tunazopigiwa zinapotoka. CUPS ikiachwa ilivyo, kazi moja ikishindikana huweza kuisimamisha foleni nzima hadi mtu aingie kwenye ukurasa wake wa mipangilio na kuifungua. Sisi huibadilisha kanuni hiyo ili seva ijaribu tena yenyewe, na humfundisha mtu mmoja wa nyumba namna ya kufuta kazi iliyokwama.

Nyumba za wageni zina suala la ziada. Waifai ya wageni ikitengwa na ya ofisi, kama inavyopasa, tangazo la printa haliwafikii wageni, na kwa maoni yetu hivyo ndivyo ibaki: mgeni aitume hati kwa barua pepe, na mhudumu wa mapokezi aichapishe. Mlango wa mtandao (port) namba 631, unaotumiwa na CUPS, usifunguliwe kabisa kuelekea intaneti. Septemba 2024 ilitangazwa kasoro katika cups-browsed, programu inayoandamana na CUPS, iliyomwezesha mtu wa mbali kupenyeza printa ya uongo na kuendesha amri ndani ya kompyuta pale kazi itakapotumwa kwenye printa hiyo. Marekebisho yalishatolewa, lakini seva isiyosasishwa haiyapati.

Anayetaka tumfungie atuandikie jina kamili la printa na modeli yake, na atueleze ruta iko chumba gani, kwani kuta nene za mawe na chokaa huidhoofisha waifai na huenda tukalazimika kupitisha waya wa mtandao hadi kwenye seva. Mteja wa Pemba atutumie pia picha ya kibandiko cha nyuma ya printa, ili suala la draiva tulimalize kabla fundi hajapanda boti.